Kompyuta Yenye Usingizi

Asubuhi hiyo ukungu ulishuka kutoka Ngorongoro ukaingia Karatu bila kubisha hodi. Ulifunika barabara ya lami, ukafunika magari ya watalii yaliyopanga foleni kituo cha mafuta, ukaja mpaka dirishani kwa Blandina ukasimama hapo kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Blandina alikuwa mezani na kikombe chake cha chai, akiitazama kompyuta ikijitengeneza upya. Kwenye kioo vitone vidogo vilizunguka polepole, na chini yake yaliandikwa maneno ya kumwomba asizime. Yeye hakuiomba ijitengeneze. Iliamua yenyewe, kama mume anayerudi kutoka mnadani na mbuzi ambaye hakuagizwa.

Ilipomaliza ilipendeza kweli. Herufi zilikuwa nyembamba zaidi, rangi zilitulia, na nyuma ya kila kitu palikuwa na picha ya ziwa fulani la nchi za watu, maji ya buluu yasiyotikisika. Blandina alilitazama ziwa lile kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Kisha akanyanyuka kwenda kupunguza moto wa maharage, na aliporudi intaneti haikuwepo.

Ilirudi. Akafanya kazi kidogo, akajibu barua ya wageni waliotaka kujua kama simba wa kreta wanaonekana mwezi wa saba. Akaenda tena jikoni. Aliporudi ilikuwa imekatika tena.

Siku nyingine angesonya tu, akaendelea na mambo yake. Leo alimpigia simu fundi. Mchana huo baba mkwe wake, mzee Lekoko, alikuwa anashuka kutoka Nainokanoka kuja kumbariki binti yake Nasha kupitia kompyuta ile ile, na Nasha alikuwa amelazwa Dodoma, kesho asubuhi aingie chumba cha upasuaji kujifungua. Mimba zake mbili za mwanzo hazikufika. Madaktari walikuwa na maelezo yao, na Nasha alikuwa na yake. Alitoroka kwa baba yake wakati ng'ombe wa mahari ya mume asiyemtaka wameshafika bomani, na mzee akamtumia neno moja tu: asinitafute. Tangu hapo hawakusemezana.

"Wifi yangu, daktari atanishona tumbo," Nasha alimwambia Blandina kwa simu. "Neno la baba nani atalishona? Mimi mle ndani siingii kabla hajasema kitu. Hata kama ni kibaya, akiseme."

Moringe, mumewe Blandina, ndiye aliyembembeleza mzee mpaka akakubali. Moringe ni dereva wa watalii, na siku hiyo alikuwa chini kwenye kreta ya Ngorongoro na wageni, mahali ambapo simu haina kazi zaidi ya kujitazamia uso. Kwa hiyo Blandina alikuwa peke yake na maharage yake, ukungu wake na kompyuta inayokatika.

Mtu atauliza, si wangetumia simu? Simu ilijaribiwa wakati wa Pasaka. Macho ya mzee Lekoko yameingia mtoto wa jicho, dunia anaiona kwa mbali kama mtu aliye ndani ya maji. Walipompa simu yenye uso wa Nasha, aliigeuza, akaisogeza puani, akairudisha. "Hiki ni kiroboto," alisema. "Siwezi kubariki kiroboto." Na kuzungumza bila kuona hakutaka hata kusikia. Sauti haina kichwa, alisema. Mkono wake atauweka wapi? Kompyuta ya Blandina ilikuwa na kioo kipana, mali ya ofisi ya utalii ya Arusha iliyomwajiri afanyie kazi nyumbani, na uso wa mtu mzima ulienea humo karibu kwa ukubwa wake. Hiyo ndiyo aliyoikubali mzee.

*

Obed fundi alifika na begi lake na jaketi la timu ya mpira ambayo Blandina hakuijua. Alizima ruta, akaiwasha. Akaizima tena, akaitazama kwa huruma.

"Dada Blandina, hii ruta imechoka. Ina huzuni."

"Huzuni ya nini, Obed? Simu yangu inashika vizuri kwenye mtandao huo huo. Angalia."

"Simu ni ndogo, haiombi kingi. Kompyuta inaomba vingi. Halafu hapa ulipoiweka," akaelekeza kidole jikoni, "kuna mvuke. Mvuke na mtandao haviivi chungu kimoja."

Blandina alikuwa na mashaka na maneno hayo, lakini ni kweli mtandao ulikatika kila alipokuwa jikoni. Alijiona mjinga kwa kupika maharage siku kama hiyo. Obed akapanda juu ya kiti, akaiweka ruta juu ya kabati, kati ya sanduku la vitenge na picha ya kipaimara. Akakaa mezani, akabofya huku na huku, akafungua video ya mtu anayecheza muziki, ikaenda bila kukwama. "Umeona? Ilikuwa mvuke." Akapewa ya soda, akaondoka akipiga mluzi ndani ya ukungu.

Hakufika hata getini. Blandina alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, akiitazama kompyuta kwa matumaini, na mbele ya macho yake alama ya mtandao ikafifia, ikafa.

Simu ikalia. Alikuwa Winnie, bosi wake wa Arusha, mwenye sauti laini ambayo haikuwahi kupandishwa kwa mtu yeyote, na kwa sababu hiyo iliumiza zaidi.

"Blandina, mpenzi, wageni wanasema ulikuwa unawajibu, ghafla ukapotea. Au siku hizi tunafanya kazi kwa ndoto?"

"Kompyuta imejitengeneza upya, dada Winnie. Tangu hapo mtandao unakatika."

"Za wenzako nazo zimejitengeneza. Wao wapo." Akasikika akipekua karatasi. "Basi pumzika leo, nitampa Beatrice wageni wako. Ukiamka utuambie."

Blandina alisema ahsante. Aliona aibu kwamba alisema ahsante. Akakaa kitini na kulitazama ziwa la buluu mpaka akasikia sauti za wazee nje.

*

Walishuka na lori lililopeleka mahindi juu na kurudi tupu, mzee Lekoko na mwenzake wa rika moja, Sitonik. Sitonik alikuja kwa sababu baraka isiyo na wa kuitikia ni maneno tu. Shuka zao zilikuwa na unyevu, na walileta ndani ya nyumba baridi ya Nainokanoka na harufu ya moshi na ng'ombe. Blandina aliinamisha kichwa, mzee akamgusa utosini kwa ncha za vidole.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Yuko kreta na wageni, baba."

"Kuwaonyesha wazungu faru," Sitonik alisema, akitafuta kiti chenye jua mahali ambapo jua halikuwepo. "Sisi tumewaona bure maisha yote na hakuna aliyetuuliza wanaonekanaje."

Wakanywa chai yenye maziwa mengi. Mzee Lekoko hakuuliza habari za Nasha. Aliuliza habari za mvua ya Rhotia, za bei ya vitunguu, za ng'ombe wa jirani ambaye hakumfahamu. Kikombe kilipoisha aliifuta midomo kwa shuka, akasema, "Haya. Mlete."

Blandina akabofya. Akaomba kimoyomoyo, kwa Kichaga, maana maombi ya haraka humtoka kwa Kichaga. Na Nasha akatokea, mkubwa, kitambaa cha hospitali kichwani, uso umevimba kidogo kwa ujauzito. Blandina akarudi nyuma upesi, akasimama kwenye mlango wa jikoni, pale ambapo mke wa mtoto husimama wazee wakiwa na shughuli yao.

Nasha hakusema neno. Aliinamisha kichwa, akakisogeza mbele mpaka kioo kizima kikawa kitambaa cha kijani. Mzee Lekoko akanyoosha mkono, akauweka juu ya kioo.

Nyumba ikanyamaza. Mzee aliuondoa mkono, Nasha akainua uso, na baba akamtazama mwanawe. Hakuna mtu wa kwao anayemharakisha mzee anapotazama. Sitonik alishika fimbo yake bila kuitikisa. Ukungu ulikuwa umeegemea dirisha, na ilikuwa kana kwamba wote wanne wako chumba kimoja, Dodoma imesogea, miaka imekunjwa kama shuka na kuwekwa pembeni. Mzee akafungua mdomo.

Uso wa Nasha ukaganda, jicho moja nusu wazi. Kisha kioo kikawa cheusi, na baada ya hapo likaja lile ziwa.

"Ameondoka," mzee Lekoko alisema.

"Hapana baba, ni mtandao, nitaurudisha sasa hivi."

"Nimemwona akiwepo. Nimemwona hayupo." Alisema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha Blandina. "Amekuja kuniangalia nilivyozeeka, akaondoka. Hii ni mara ya pili. Baba anaachwa mara ngapi na mtoto mmoja?"

Alichukua fimbo yake akatoka nje. Sitonik alimtazama Blandina, akainua mabega, akamfuata.

*

Simu ya Nasha iliita papo hapo. "Amekasirika? Wifi, alikuwa anataka kusema nini? Aliondoka?"

"Hakuondoka. Ni kompyuta."

"Usinidanganye, wifi. Nilimwona anafungua mdomo halafu akakata."

Pande zote mbili, basi, kila mmoja aliamini ameachwa na mwenziwe. Blandina alimsihi Nasha asubiri. Akaketi mbele ya kompyuta, na kwa hasira akapiga herufi zozote kwa vidole vyote kumi, kama mama yake huko Machame ampigavyo mbuzi mkaidi. Mtandao ukarudi.

Akaondoa mikono, akaiweka mapajani. Akangoja. Maharage yalichemka jikoni, hakuyajali. Alama ya mtandao ikafifia, ikafa. Akagusa kile kibao cha kupapasa kilicho chini ya herufi, kwa kidole kimoja tu, polepole. Ikafufuka.

Alirudia, akarudia tena, na kadiri alivyorudia ndivyo alivyotaka kucheka na kulia. Mvuke haukuwa na kosa, ruta haikuwa na huzuni. Kompyuta hii mpya ikiachwa bila kuguswa ilidhani watu wamelala, ikauzima mtandao ili itunze umeme. Alipofanya kazi iliamka, alipokwenda jikoni ikasinzia. Na pale watu waliponyamaza kwa heshima, mikono imetulia, hakuna anayethubutu kujikuna mbele ya mzee, ndipo ilipolala fofofo.

Alitafuta ndani ya mipangilio, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka akakiona kijisanduku chenyewe: kompyuta iruhusiwe kuzima kifaa cha mtandao ili kuokoa umeme. Kilikuwa kimetiwa alama ya ndiyo. Akajaribu kuiondoa. Kompyuta ikamwambia aombe nywila ya ofisi. Akampigia Winnie.

"Nywila anayo fundi wetu, mpenzi, na fundi yuko msibani. Kesho."

"Dada Winnie, kesho nitakuwa nimechelewa."

"Kazi haijawahi kukukimbia, Blandina. Ni wewe unayeikimbia," alisema Winnie kwa upole wake, akakata.

Blandina aliiweka simu mezani. Halafu akatoka nje.

Wazee walikuwa wamesimama chini ya upenu, ukungu umeanza kuchanika na kuonyesha vipande vya shamba jekundu la jirani. Lekoko alitazama barabarani, ingawa barabara ilikuwa mbali kuliko macho yake.

"Baba, Nasha hakuondoka. Yeye naye anasema wewe ndiye uliyeondoka." Akasogea hatua moja. "Kompyuta ina usingizi. Isipoguswa inalala, na ikilala inamfukuza aliye upande wa pili. Sisi tulikaa kwa heshima, hatukuigusa. Ikalala."

Sitonik akacheka mpaka akashika ukuta. "Mashine gani isiyojua adabu? Watu wakinyamaza ili mzee aseme, yenyewe inakoroma?"

"Basi mtu aiguse," alisema Lekoko.

"Nitaigusa mimi, baba. Ila nitalazimika kukaa hapo hapo pembeni yako, bega kwa bega. Na mkono wangu hautatulia wakati unabariki."

Alijua anachokiomba. Tangu aolewe hajawahi kukaa kiti kilichogusana na cha mzee huyu, hajawahi kutikisa hata kijiko mbele yake akiwa anazungumza. Mzee alimgeuzia yale macho yake meupe, akamtazama kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo.

"Kwenu mlimani, mkwe mwanamke anakaa wapi mambo kama haya yakifanyika?"

"Karibu na sufuria, baba."

"Na kwetu vilevile," alisema mzee. "Njoo ukae."

*

Nasha alitokea mara ya pili akiwa na macho mekundu. Hakuinamisha kichwa safari hii, alisahau, na mzee hakumdai. Blandina alikaa bega kwa bega na baba mkwe, kidole chake kikizunguka juu ya kibao polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto mgongoni. Mzee Lekoko akafumba macho, akaanza, kwa Kimaa, lugha yao ya Kimasai, kwa ile sauti ya chini ya baraka inayokwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea na ng'ombe.

Mungu akufunike, alisema. Sitonik akaitikia kwa neno lao la amina: "Naai." Kutoka Dodoma, baada ya kitambo kidogo, maana maneno yana safari yake, ikafika sauti ya Nasha: "Naai."

Akuweke mahali penye maji. "Naai." Na kwa mbali: "Naai."

Mzee alijifunza upesi kuisubiri ile ya pili. Alisema, akangoja, ikaja, akasema tena. Blandina naye alijikuta akiitikia. Alikuwa Mlutheri wa Machame na Kimaa chake kilikuwa cha kuazima, lakini Mungu alimfahamu katika lugha yoyote. Akupe usingizi wa mifugo iliyoshiba. Naai. Akutoe gizani mkiwa wawili. Naai. Harufu ya moshi kwenye shuka la mzee, joto la bega lake, sauti zile tatu zikifuatana. Blandina alifumba macho bila kujua, akahisi anaelea, kama zamani akiwa mtoto amelala kanisani mapajani kwa mama yake na wimbo unaendelea juu ya kichwa chake.

Alipofumbua, kidole kilikuwa kimesimama. Kwenye kioo palikuwa na ziwa.

Mzee aliendelea, macho yamefumbwa. Alikuwa amefika kwenye maneno ya watoto na watoto wa watoto. Sitonik alikuwa ameona. Alimtazama Blandina, akatikisa kichwa kidogo, akaitikia kwa nguvu zaidi: "Naai," akangoja pale pale pa kungojea, akaitikia tena kwa sauti nyembamba kama ya Nasha. Blandina alihisi machozi ya aibu. Baraka ikafika mwisho. Mzee akafumbua macho na kuona buluu.

"Huyu ni yeye?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Kwa macho yale hata ziwa lingeweza kuwa kitambaa cha hospitali.

"Hapana, baba. Alisikia mpaka pale pa kutolewa gizani. Hakusikia mengine. Kosa si la mashine, ni langu. Nilifumba macho."

"Mungu amesikia, Lekoko," alisema Sitonik haraka. "Baraka haikatwi na waya. Inatosha."

Mzee aligeuza uso dirishani. Nje gari la watalii lilipita, likapunguza mwendo kwenye tuta, likaendelea.

"Mungu hatuna ugomvi mimi na yeye," alisema mwishowe. "Mrudishe mtoto."

Blandina akamrudisha. Kidole kilitembea kwa woga sasa, hakikuthubutu kupumzika. Nasha alitokea akiwa amesimama, nyuma yake pazia la wodi, na mzee hakufumba macho. Alijisogeza mbele mpaka pua ikakaribia kioo. Ile sauti ya baraka aliiacha. Aliongea Kiswahili chake cha mnadani, kibovu, ili hata mkwe asikie kila neno.

"Nasha."

"Baba."

"Nilisema usinitafute."

"Ndiyo, baba."

"Mimi nilikutafuta. Kila gari likipanda kutoka Karatu, mimi nasimama barabarani. Nasema naangalia ndama. Huyu Sitonik anajua hakuna ndama." Alipumua. "Neno lile nilitoa mimi, sasa nalichukua mimi. Nimelimeza. Halipo tena tumboni kwako, lipo kwangu. Ingia huko kesho, uzae, uje."

Akanyamaza. Kioo nacho kikanyamaza. Nasha alikuwa ameinama, kitambaa cha kijani tu ndicho kilichoonekana, na hakikusogea.

Sitonik alitazama pembeni. Mzee Lekoko alishika ukingo wa meza.

"Imekatika?"

Blandina aliangalia ile alama. Ilikuwa imejaa. Kidole chake kilikuwa kinazunguka.

"Haijakatika, baba. Yupo."

"Hasemi kitu."

"Yupo, baba. Hawezi tu kusema."

Mzee alirudi nyuma taratibu mpaka mgongo wake ukakutana na kiti. Fimbo yake akailaza sakafuni.

"Basi tungoje," alisema.

Wakangoja. Kutoka Dodoma kilisikika kitoroli kikipita wodini, mtu akikohoa, mlango. Blandina hakuhesabu kilipita kitambo gani. Mkono ulimuuma mpaka kiwikoni na aliuacha uendelee kuuma. Kisha kitambaa cha kijani kikatikisika, na ikaja sauti ndogo, imevunjika katikati, ikiwa imesafiri njia yote ile.

"Naai, baba."

Sitonik, ambaye ndiye aliyeletwa aitikie, alichelewa. Aliitikia baada yake.